Komeo la Nje

Zadok Hatherly aliibomoa nyumba yake mwenyewe siku ya Jumanne, jua likiwaka na ghuba ya Penobscot ikiwa imetulia. Hakuwa na hasira siku hiyo, au kama alikuwa nayo aliificha vizuri. Alipanda juu ya paa na nyundo yake, akaanza kuibandua nyumba ubao kwa ubao, huku mkewe Keziah akizipokea mbao chini na kuzipanga kwenye nyasi.

Hawakuwa peke yao. Kijiji kizima cha Bagaduce kilikuwa kinagongagonga. Wote waliokaa upande wa Mfalme wakati wa vita walikuwa wanazing'oa nyumba zao wazipakie merikebuni, kwa sababu vita vilikwisha, waasi walishinda, na mpaka ulishachorwa. Kwa miaka minne waliaminishwa kwamba mpaka ungepita palepale mtoni Penobscot, na kwamba wao wangebaki kwenye ardhi ya Mfalme. Kisha mabwana wakakaa mezani huko Ulaya, wakanywa divai yao, wakauchora mpaka kwenye mto mwingine kabisa, mbali mashariki. Hakuna aliyewauliza watu wa Bagaduce. Waliambiwa tu wahame.

"Angalau safari hii nyumba nahama nayo," alisema Dorcas Lunt, jirani yao, mjane mwenye mdomo usiopumzika. "Kule Boston nilitoka na gauni nililovaa tu, na hilo nalo waasi walikuwa wameshalipaka lami."

"Taratibu, Dorcas, bwana asije akakusikia," Keziah alimwambia.

"Bwana yupi? Wako, au yule wa London?"

Keziah alicheka bila kutaka. Juu ya paa, Zadok hakucheka. Alikuwa fundi seremala, na kazi haikuwa jambo la mzaha kwake. Kila nguzo, kila boriti, kila kipande chenye mahali pake alikipiga alama kwa patasi, mistari iliyosimama na mistari iliyopishana, kuanzia moja mpaka mia na kumi na mbili. Na sheria ya kazi hiyo ilikuwa moja. Baba yake alimfundisha, naye akamfundisha mwanawe: alama hupigwa upande wa ndani wa nyumba, siku zote. Ukifika uendako, unageuza alama ikutazame wewe uliye ndani, na nyumba inasimama kama ilivyokuwa.

Mlango ulikuwa wa mwisho, mia na kumi na mbili. Keziah alimwona kwa macho yake akiupiga alama upande wa ndani, chini kidogo ya matundu ya misumari ya komeo. Kisha Zadok akaubeba mgongoni mpaka ufukweni, yeye peke yake, na upande wa nje hakuutazama. Keziah naye hakuutazama.

Walikuwa na sababu.

Walikuwa na mwana mmoja, Asahel. Kijana mrefu, mcheshi, aliyekosa kidole cha shahada cha mkono wa kulia kwa sababu patasi ya baba yake iliteleza akiwa na miaka tisa. Zadok alilia siku ile kuliko mtoto mwenyewe. Ndipo alipomfundisha ubishaji hodi wao wa nyumbani, wa kumchangamsha: gonga tatu za haraka, tulia, gonga moja nzito. Ukisikia hivyo, jua ni mtu wa humu ndani. Mama hana haja ya kuuliza ni nani, wala ya kuacha kukanda unga.

Vita vilipoanza, Asahel akaenda kwa waasi. Baba alibaki kwa Mfalme. Walitukanana uani mpaka majirani wakafunga madirisha. Mmoja akaitwa kibaraka, mwingine akaitwa msaliti. Keziah alisimama katikati na ndoo ya maziwa mkononi, na hakuna aliyemkumbuka.

Kiangazi cha mwaka wa elfu moja mia saba sabini na tisa waasi wakaja na merikebu nyingi kuichukua ngome ya Bagaduce. Walishindwa vibaya. Walizichoma merikebu zao wenyewe mtoni na kukimbilia msituni, wenye majeraha wakiburutwa au wakiachwa. Siku chache baadaye, saa nne asubuhi, Keziah akiwa amekaa kwenye kiti chake anakanda unga, mlango ukagongwa. Tatu za haraka. Moja nzito.

"Baba, ni mimi. Nimepigwa risasi."

Zadok alikuwa ameshafika mlangoni. Mwezi uliotangulia alikwenda ngomeni kwa askari wa Mfalme, na wanaume wote wa kijiji, akaweka mkono juu ya Biblia, akaapa kwamba hatamlisha mwasi, hatamficha, wala hatampa paa. Alisimama hapo huku ameshika komeo la chuma. Kisha akalisukuma likaingia mpaka mwisho.

"Niliapa," alisema, na haikujulikana alikuwa anamwambia nani.

Keziah akainuka.

"Kaa, Mama Asa," Zadok akamwambia kwa sauti ndogo. "Mikono yako ina unga."

Naye akakaa. Hilo ndilo lililomla Keziah miaka yote iliyofuata. Hakuzuiwa wala hakusukumwa. Aliambiwa akae kwa sababu mikono yake ina unga, akakaa.

Ubishaji uliendelea mpaka adhuhuri, kila mara ukishuka chini zaidi kwenye mbao, hadi ukawa unatoka karibu na kizingiti. Halafu kimya. Zadok alipofungua alasiri hapakuwa na mtu. Palikuwa na alama ya mkono wa damu kwenye mlango, kwa kimo cha mtu aliyepiga magoti, na mkono huo ulikuwa na vidole vinne. Hawakumpata msituni, wala mtoni, wala kwenye makaburi ya upande wowote. Zadok akalipiga doa randa, akapaka upande wote wa nje wa mlango rangi nyekundu. Tangu siku hiyo hakumwita tena mkewe Mama Asa. Alimwita Keziah.

Basi huo ndio mlango walioupakia merikebuni.

Walishuka Saint Andrews, ng'ambo ya mpaka mpya kwenye ardhi ya Mfalme, mwezi wa Oktoba, kwenye visiki na matope, na kila familia ikaanza kuiunga nyumba yake kama watu wanaounga vyungu vilivyovunjika. Nyumba ya Zadok ilisimama kwa siku tisa. Kila alama ilimtazama aliye ndani. Siku ya kumi akautundika mlango, akatafuta alama yake, akaigeuzia ndani, akapigilia bawaba. Kisha akachukua komeo kwenye pipa la misumari, akalitafutia matundu yake.

Matundu yalikuwa nje.

"Zadok!" Dorcas alipiga kelele kutoka uani kwake. "Mlango umeuvalisha ndani nje!"

"Nimefuata alama."

"Basi alama ilikuwa imelewa."

Zadok aliinama akaitazama ile alama. Mia na kumi na mbili, mistari yake, mpigo wa patasi yake. Lakini ilikuwa kwenye upande uliopakwa rangi nyekundu, upande uliokuwa nje kule Bagaduce. Akazunguka akautazama upande wa pili, chini ya matundu ya komeo, pale Keziah alipomwona akipiga alama. Ubao ulikuwa laini. Hata mkwaruzo hapakuwa.

"Ugeuze," Keziah alisema.

"Alama haijawahi kunidanganya." Uso ulikuwa umemwiva. "Nimekwisha kukosea mambo mengi, Keziah, lakini si kazi yangu."

Hakuugeuza. Watu walikuwa wanatazama. Alitoboa matundu mapya upande wa ndani, akalifunga komeo hapo, wakalala. Asubuhi komeo lilikuwa nje, kwenye matundu yake ya zamani, misumari imepinda na kukaza kama iliyokaa miaka ishirini. Upande wa ndani matundu mapya hayakuwepo.

Zadok alilirudisha ndani. Asubuhi likawa nje. Akalirudisha tena, safari hii akakesha kwenye kiti mbele ya mlango, na asubuhi mkewe akamsikia anahema. Komeo lilikuwa nje. Hakusema aliona nini. Alichonga kipingo cha mti wa mwaloni cha kufungia kwa ndani, na lile la chuma akaliacha huko lilikotaka kukaa.

Mwezi wa Novemba joto la meko likaanza kuifanyia rangi mambo yake. Kwanza ilionekana kama unyevunyevu, baadaye kiganja, halafu vidole. Vinne. Doa lilitokea katikati ya mlango, sasa likiwa ndani ya nyumba, likimtazama Keziah kila anapokanda unga. Zadok alilipaka rangi mara tatu, nalo likarudi mara tatu. Siku moja aliporudi na kuni alimkuta mkewe amepiga magoti, kiganja chake kimelala juu ya lile doa. Hakumkemea. Alitua kuni, akakaa mezani akiwa amempa mgongo.

Ubishaji ulianza wiki ya kwanza ya theluji. Saa nne asubuhi, siku ya mkate. Tatu za haraka. Moja nzito.

Mara ya kwanza Zadok alifungua. Nje theluji ilikuwa nyeupe mpaka msituni, haina hata unyayo wa ndege. Mara ya pili Keziah ndiye aliyeinuka, na unga wake mikononi, akafika mpaka kwenye kipingo kabla mumewe hajamshika.

"Usifungue."

"Na kama ni yeye?"

"Ndiyo maana nakwambia usifungue."

"Ni mwanangu, Zadok. Ana baridi."

"Miaka minne, Keziah!" Alinong'ona, lakini ilikuwa kama kelele. "Miaka minne ana baridi. Unadhani atakuja kukaa mezani ale mkate?"

Alishusha Biblia kutoka rafuni, ileile aliyotoka nayo Bagaduce ndani ya shati lake. Alimtaka aape. Keziah alikataa siku ile, akakataa kesho yake. Wiki nzima Zadok hakula. Alipigilia mbao kwenye madirisha yote mawili kwa nje, akisema ni kwa ajili ya dhoruba, na nyumba ikawa na giza mchana kutwa. Mwisho Keziah akachoka. Akaweka mkono juu ya Biblia akaapa: akisikia ubishaji huo, tatu na moja, hatafungua, awe nani aliyeko upande wa pili wa mlango.

"Awe nani," Zadok alirudia, amfundishe.

"Awe nani," Keziah akasema.

Naye akawa mtu wa kiapo chake. Januari yote mlango uligongwa, na yeye alikaa kwenye kiti chake, akakanda, machozi yakimdondokea kwenye unga. Zadok alikaa karibu na meko na mikono masikioni. Mzee aliyempa Mfalme mwanawe, na Mfalme asijue hata jina lake.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi ya Februari. Theluji ilianguka usiku kucha na kukatika alfajiri. Keziah aliamka akakuta chachu yake imekufa kwa baridi, haitoi hata povu moja. Hakugusa unga. Alijitanda shali, akamwambia mumewe anakwenda kuomba chachu kwa Dorcas.

"Usikawie," Zadok alimwambia. Alikuwa anachonga mwiko karibu na moto.

Kwa Dorcas alikaa kidogo tu, muda wa kikombe kimoja cha chai ya majani ya msituni, kwa kuwa ile ya kweli hakuna aliyekuwa nayo. Alirudi na bakuli la chachu limefunikwa kwa kitambaa. Alipofika uani akasimama.

Palikuwa na nyayo. Zilitoka msituni, zikavuka uwanja mpaka mlangoni. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu. Mwingine ulikuwa peku, na ulikuwa unaburutwa. Zilifika kwenye kizingiti zikaishia hapo. Za kurudi hazikuwepo.

Komeo la chuma lilikuwa limesukumwa mpaka mwisho.

Dohani haikutoa moshi. Theluji ya paani ilikuwa imeteleza na kuiziba. Moshi ulikuwa unatoka chini ya mlango, mwembamba, ukilamba kizingiti.

Ndipo mlango ukagongwa. Kwa ndani.

Tatu za haraka. Moja nzito.

Keziah aliweka bakuli chini. Alifika mlangoni, akalishika komeo, na chuma kikang'ata ngozi yake.

"Zadok?"

Alisikia mtu akikohoa. Alisikia kucha kwenye mbao. Kisha sauti, imekauka, ndogo kabisa: "Fungua... ni mimi..." Halafu tena tatu na moja, ubishaji wa nyumbani, ili ajue ni mtu wa humu ndani.

Mkono wake ulikuwa kwenye komeo. Mvuto mmoja tu ulitosha.

Nyuma yake, karibu na sikio, mahali ambapo pumzi ingepaswa kuwa na joto, mtu alisema:

"Kaa, Mama. Mikono yako ina unga."

Hakugeuka. Alitazama chini. Mikono yake ilikuwa myeupe mpaka kwenye viwiko. Unga ulikuwa umekwama katikati ya vidole na chini ya kucha, mbichi, kama wa mtu aliyetoka kuukanda sasa hivi.

Keziah akaliachia komeo. Akarudi nyuma hatua tano, mpaka kwenye gogo la kupasulia kuni ambako shoka lilikuwa limechomekwa, akakaa. Akaweka mikono yake mapajani, viganja juu, asichafue aproni.

Ubishaji uliendelea. Kila mara ulishuka chini zaidi kwenye mbao.

Adhuhuri Dorcas alikuja na utambi wa taa aliokuwa amempa Keziah, naye akausahau mezani kwake. Alimkuta amekaa, barafu nyembamba imemganda mabegani, shoka pembeni yake. Aliona moshi, akatupa utambi, akakimbilia mlangoni. Komeo lilitoka kwa kidole kimoja, laini, kana kwamba limetiwa mafuta asubuhi hiyo.

Zadok alikuwa amepiga magoti nyuma ya mlango. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimechubuka mpaka mfupa. Paji la uso lilikuwa limeegemea mbao, na kiganja chake cha kulia kilikuwa kimelala palepale penye lile doa. Walipokibandua hapakuwa na doa. Rangi nyekundu ilikuwa safi, kama iliyopakwa jana.

"Ulikuwa hapa hapa," Dorcas alisema. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na mzaha. "Keziah, ulikuwa hapa hapa! Kwa nini hukufungua?"

Keziah aliinua macho. Dorcas alisimulia mpaka uzeeni kwamba hayakuwa macho ya mtu aliyerukwa na akili. Yalikuwa macho ya mtu aliyechoka kutii.

"Niliapa," alisema.

Dorcas aligeuka kuzitafuta zile nyayo ambazo Keziah alimwonyesha kwa kidevu. Aliona zake mwenyewe na za Keziah. Nyingine hakuziona.

Ardhi ilikuwa imeganda, kwa hiyo Zadok alilazwa kwenye banda la kuni mpaka majira ya kuchipua, kama maiti wengine wote wa baridi ile. Ofisa mmoja alifika kuandika habari. Aliandika kwamba moshi ulimuua mzee mtiifu wa Mfalme, akakunja karatasi, akaondoka. Wajukuu wa Dorcas wangali wakibishana juu ya Keziah. Wako wanaosema alimwogopa Mungu akashika kiapo, na wako wanaosema alikitafuta kisingizio kwa miaka minne mpaka mumewe mwenyewe akamwekea mkononi. Mimi nadhani yote mawili yalikaa pamoja kwenye lile gogo, na hayakugombana.

Mazishi yalipokwisha, Keziah alirudi nyumbani peke yake. Kipingo cha mwaloni alikitia motoni. Mlango aliuacha umerudishiwa tu, haukufungwa kwa ndani wala kwa nje, na hivyo ndivyo ulivyokaa tangu siku hiyo. Kisha akachota unga, akavuta kiti chake, kilekile alichokalia kule Bagaduce, kiti ambacho hakikuwa sehemu ya nyumba na ambacho Zadok hakukipiga alama yoyote.

Alipokaa, vipande vidogo vya mbao vikamwangukia kwenye aproni. Vilikuwa vyeupe na vilinukia msonobari. Alipitisha kidole chini ya mkono wa kiti, akahisi mistari iliyochimbwa kwa patasi, mingine imesimama, mingine imepishana. Aliihesabu taratibu, mara mbili.

Mia na kumi na tatu. Ilikuwa imepigwa upande wa ndani, ikimtazama yeye aliyekaa.

Keziah aliutazama mlango ulio wazi kidogo, na baridi iliyokuwa inaingia. Kisha akaanza kukanda, unga wa kuwatosha watu wawili.